Mwaka Ambao Baba Hakula kwa Watu

Mwezi uliopita tulimzika Mama Boke huko kwao Kegonga. Nilikwenda peke yangu kutoka Homa Bay baada ya kuomba ruhusa ya siku mbili kazini, na matroni wetu, ambaye nimemzidi umri kwa miaka kumi na mitano, akaniuliza marehemu ni nani wangu. Hakuwa shangazi, hakuwa mama mkwe, wala hakuwa mtu wa kabila langu. Nikasema ni jirani. Aliniangalia kwa mashaka, kwa maana hakuna apewaye siku mbili kwa ajili ya jirani aliyekaa naye zaidi ya miaka thelathini iliyopita, lakini alitia sahihi. Kule kaburini mjukuu mmoja alisimama kusema machache, akasema hakuna Mkuria mwingine aliyeweza kumpikia Mjaluo samaki na huyo Mjaluo akakosa la kulalamikia. Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha nikajikuta ninalia, na sikuwa namlilia Mama Boke peke yake. Nilikuwa namlilia baba yangu, aliyefariki zamani na niliyedhani nimekwisha kumlilia, na nilikuwa naulilia ule mwaka tulioishi mimi na yeye tu katika vyumba viwili vya kupanga pale Suna, mjini Migori, mimi nikiwa na miaka kumi na tisa, mwaka uliofuata kifo cha mama.

Vyumba vyenyewe vilikuwa katika safu ya vyumba vinane vya mabati, iliyotazamana na safu nyingine kama hiyo, na katikati palikuwa na mfereji mmoja wa maji ambao ndio uliokuwa bunge letu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti vinne, redio, na kabati la vyombo ambalo mama alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, au ndivyo Baba alivyozoea kumtania. Cha nyuma kiligawanywa kwa pazia, upande mmoja kitanda changu, upande wa pili chake. Tulipika barazani, kwa jiko la makaa. Baba alikuwa fundi wa mizani. Mizani za samaki, za mahindi, za nyama, zote za soko la Migori na za fuo nyingi za ziwani zilipita mikononi mwake zikidanganya na kutoka zikisema kweli, na alikuwa na kisanduku cha mbao chenye mawe yake ya shaba ya kupimia, yaliyopangwa kuanzia la kilo mbili hadi lile dogo alilolishika kwa koleo. Watu walimwita Fundi Ogutu. Alikuwa mtu wa utaratibu tangu zamani, ila zamani kulikuwa na mtu wa kumcheka. Mama alipoondoka, utaratibu ukabaki peke yake, na ukaanza kukua.

Aliamka saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Chai, slesi mbili, na siagi upande mmoja. Shati la buluu Jumatatu, la kijivu Jumanne, na Mungu akusaidie kama la kijivu halijakauka. Saa saba kamili alirudi kula, hata kama kazi ilikuwa upande wa pili wa mji, na saa moja jioni, muziki wa taarifa ya habari ulipoanza, ugali ulitakiwa uwe mezani. Kama haukuwapo hakugomba. Angesimama kando ya meza akingoja, mikono imeshika mgongo wa kiti, na kusimama kule kulinitesa kuliko kugombezwa. Wiki ya pili baada ya kurudi kutoka Mfangano, ambako ndiko nyumbani na ndiko tulikomzika mama, alikuja barazani na mizani ndogo akaiweka kando ya jiko. Akasema unga wa watu wawili ni gramu mia tano, maji lita moja. Nilimwambia mama hakuwahi kupima. "Mama yako alipima kwa macho," akanijibu. "Wewe huna macho yake." Nadhani hakukusudia kuniumiza. Aliniumiza sana, na kwa miezi minane nilipika ugali kwa mizani, na nakiri kwamba ulikuwa unatoka vizuri.

Majirani walileta chakula, kama inavyotakiwa. Kila sahani iliyofunikwa kwa nyingine ilipopita mlangoni, Baba alishukuru kwa heshima zote, akamsindikiza aliyeileta mpaka barazani, kisha akaniambia nile mimi. Yeye hakugusa. Akialikwa kwa mtu alikwenda hadi mlangoni, akasalimu, akasema ametoka kula sasa hivi. Kwetu Wajaluo mtu anayekataa chakula cha watu ana neno na hao watu. Huwezi kupita kwenye boma la mtu wakati wa kula ukasema umeshiba, na kama umeshiba kweli unamega tonge moja kwa heshima ya sufuria. Baba alilijua hilo kuliko mimi. Mwezi wa tatu nilikwenda Mfangano kwa siku tatu kumwuguza dada yake, shangazi yetu ambaye sote tulimwita Waya. Niliporudi nikakuta unga uko pale pale nilipouacha, mkate umekauka, na Baba amevaa shati la siku yake, safi, amekaa mezani, macho yameingia ndani. Alikuwa amekunywa chai tu kwa siku tatu. Nikamwuliza kwa nini hakula hotelini, au kwa Mama Boke mlango wa pili. Akasema, "Nilikuwa nakungoja." Siku hiyo nilimwogopa baba yangu kwa mara ya kwanza, na nilimwogopa kwa kumhurumia.

Barua ikaja mwezi wa tano. Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha wauguzi mjini Homa Bay, kuripoti mwezi wa tisa, na kulala hukohuko kwa miaka mitatu na nusu. Baba aliisoma akiwa amesimama, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile, akasema, "Utaenda." Kisha akauliza kama maji yamechemka. Usiku sikulala kwa hesabu moja tu kichwani: siku tatu alikunywa chai, je, miaka mitatu? Asubuhi nilipokwenda mferejini nilikuwa nimekwisha kata shauri, na Mama Boke alikuwa hapo akijaza mtungi wake wa plastiki. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyeuza ndizi zilizotoka kwao Kegonga kwa lori kila Alhamisi. Mumewe, Mzee Marwa, alikuwa mwashi, na alizungumza kwa nadra kiasi kwamba wapangaji wengine walidhani hajui Kiswahili. Hicho ndicho kilichokuwa lugha yetu pale uani, kila mmoja akiwa na lafudhi yake na makosa yake.

"Nimesikia barua imekuja," Mama Boke akasema. "Unaenda lini?"

"Siendi."

"Nani amekufa tena?"

"Hakuna. Nikienda, Baba hatakula. Hajaweka kitu ya mtu mwingine kwa mdomo tangu mama aende."

"Hata chai?"

"Hata maji, Mama Boke."

Alifunga mfereji kwanza, kwa sababu maji ya kupotea hakuyapenda. "Kwa hivyo wewe unataka akule kwa watu, hata mara moja, ndio uende."

"Ndiyo."

"Na tuko na miezi ngapi?"

"Nne."

"Nne ni mingi. Sisi kwetu ng'ombe tunaifunza plau kwa wiki mbili."

Ningetaka kusema alikuwa na hekima ya ajabu, lakini ukweli ni kwamba alianza kwa kuvunja mizani yake. Ilikuwa ile ya kuning'iniza, ya kupimia ndizi. Jumatatu moja akaja nayo, mshale umelala. Baba akasema ataitengeneza karakana. La, akasema Mama Boke, anaihitaji palepale, aje aitengenezee kwake, kuna meza nzuri. Baba akaenda na kisanduku chake, akafanya kazi akiwa amesimama mlangoni, akaondoka kabla sufuria haijafunuliwa. Wiki iliyofuata ikavunjika tena. Ya tatu, tena. Safari hiyo nilikuwa nimesimama nyuma yake na nikasikia kila neno.

"Mama Boke, hii mizani inaanguka kila wiki?"

"Inaanguka, Baba Adhiambo. Sijui hiyo ukuta iko na nini."

"Hiyo ukuta iko na nyundo," Baba akasema, bila kucheka, akaendelea kukaza skrubu.

Mzee Marwa, kutoka kwenye kiti chake, akatoa sauti puani. Nilikimbia nyumbani nikakaa kitandani. Ulikuwa mzaha. Baba alikuwa hajafanya mzaha tangu Desemba, na huu alikuwa ameufanya kwa mtu mwingine, si kwangu, lakini wakati ule sikujali.

Mwezi wa sita malaria ikaniangusha. Mama Boke alinibeba, na simaanishi alinishika mkono, alinibeba mgongoni hadi kwake akanilaza kwenye kochi, akamwambia Baba kwamba mgonjwa haachwi na mwanamume asiyejua kuwasha jiko. Jioni ya pili Baba alikuja kuniona, saa moja kasoro, na kwa kuwa mtoto wake alikuwa amelala pale hakuweza kubaki mlangoni. Akaketi. Kwa mara ya kwanza nilimwona katika kiti kisichokuwa chetu, magoti pamoja, kofia juu ya magoti. Sasa ni lazima niseme jambo kuhusu Mama Boke: alikuwa ameishi Migori miaka tisa bila kupika samaki hata mmoja, kwa kuwa harufu yake ilimtapisha. Siku hiyo alikuwa amekwenda sokoni akanunua ngege mkubwa, akampika akiwa amejifunga leso puani, niliona kwa macho yangu kutoka kwenye kochi. Akaleta sahani mbele ya Baba kwa mikono miwili. Baba akaitazama. Mimi nikaomba moyoni, homa na yote.

"Ere wiye?" Baba akasema.

"Anasema nini?" Mama Boke akaniuliza.

"Anauliza kichwa iko wapi."

"Ya samaki? Nilikata nikapea paka. Kwani nyinyi mnakula hiyo, na macho inakuangalia hivyo?"

Baba aliweka kofia chini. "Mama Boke. Samaki bila kichwa, mimi nitajua aje alikufa lini? Huyu ni kama mtu amekuja kwako hana kitambulisho. Wale wanauza samaki ya kuoza ndio wanakata kichwa. Na hata kama ni mzuri, kichwa ndiyo ya mgeni, ndiyo ya mwenye boma. Ukimpea mgeni samaki hana kichwa umemwambia hana maana."

"Mimi nilikuwa nakuheshimu, nikatoa hiyo uchafu."

"Uchafu?"

"Nilimwambia," akasema Mzee Marwa.

"Hukuniambia kitu, wewe."

Iliendelea hivyo kwa robo saa. Baba alieleza mashavu ya samaki, ubongo wake, mfupa ule unaofyonzwa mwisho, namna ya kutazama matamvua kama bado ni mekundu. Alitumia mikono. Hakula, aliinuka na kwenda nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumpikia nadhani alilala njaa. Lakini kesho yake, saa kumi na moja jioni, saa ambayo kila siku alikuwa akifuta mawe yake kwa kitambaa, alikuja uani na ngege wawili wenye vichwa vyao, akawaweka mbele ya Mama Boke, na yeye, mwanamume wa Mfangano ambaye hajawahi kusogelea jiko kwa hatua tatu, akasimama kando ya sufuria kumwelekeza. "Usigeuze. Wacha. Nimesema wacha." Mama Boke, leso puani, akamwuliza ni nani aliyemfundisha kupika. "Hakuna," Baba akasema. "Nilikuwa naangalia tu." Alikuwa amemwangalia mama kutoka mlangoni kwa miaka ishirini na miwili, na mimi nilidhani alikuwa anangoja chakula.

Nilijua nimeshinda. Sikushinda. Mwezi mzima alifundisha, akaonja kwa pua, akasifu kwa kichwa, na ilipofika saa moja kasoro tano alisema kwaheri akaja nyumbani kwenye gramu zake mia tano. Sasa nikiwa mtu mzima, na baada ya kuwaona wafiwa wengi wodini, sishangai. Mtu anaweza kurudi kuzungumza kabla hajarudi kula. Wakati ule nilikasirika. Nilimchukia kwa ukaidi wake, nikaanza kufanya mambo madogo ya kisirani, kama kuweka gramu mia nne na themanini na kuona kama atajua. Alijua.

Mwezi wa nane Waya akaja kutoka Mfangano, na gunia la dagaa wa omena na ulimi wake. Alikaa siku nne, akaona mizani barazani, akaona mashati, akaona Baba anavyosimama nyuma ya kiti. Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, akasema kwa Kijaluo, mimi nikiwa palepale nakusanya vyombo, "Ogutu, huyu mtoto hataenda. Atakaa hapa akupikie mpaka meno yake yaanguke. Ulimzika mke wako, tukakusaidia. Sasa unamzika binti, na hili hatutakusaidia." Baba alisukuma kiti nyuma. Alitoka. Nilikwenda chumba cha nyuma kupiga pasi, na dirisha la chumba hicho lilikuwa juu ya mahali ambapo Mama Boke alikaa mchana akimenya ndizi. Nikasikia kiti kinavutwa. Nikasikia kisu chake kinaendelea, na baada ya muda nikasikia sauti ya Baba, ya chini, ile aliyoitumia akisoma nambari za mizani.

"Siku ile mama ya huyu mtoto alikufa," akasema, "nilikuwa Karungu, kwa mizani ya beach. Yeye alikuwa hospitali hapa, anaendelea vizuri. Daktari alisema wiki moja atatoka. Mimi ndio nilikuwa nampelekea chakula ya saa saba. Nilimaliza kazi mapema. Sasa wale wenye mizani wakasema siwezi kwenda bila kula. Nikasema naharakisha. Mama ya hiyo nyumba akasema, basi onja tu. Nikaonja. Ilikuwa tamu, Mama Boke. Nikakula yote. Nikanawa mikono, nikakaa, wakaniletea maji, nikapiga stori. Nilifika hospitali saa tisa. Wakanionyesha kitanda, wameshatoa shuka."

Kisu kilikuwa kimesimama. Mimi pasi nilikuwa nimeiinua juu na kuishika hivyo. Kwa miezi minane niliamini kwamba Baba hali kwa watu kwa sababu anampenda mama. Kumbe alikuwa anajiadhibu kwa sahani moja.

"Hao watu wa Karungu," Mama Boke akasema, "ulirudi kwao?"

"Hapana."

"Walisikia?"

"Watakuwa wamesikia. Watu wa samaki wanasikia kila kitu."

"Basi hao pia hawakuli vizuri," akasema, na kisu kikaanza tena.

Jumapili iliyofuata Baba aliniambia nivae, tunakwenda Karungu. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyopakwa vizuri, karibu na ufuo, nje omena zimeanikwa juu ya nyavu na kuku wanafukuzwa, ndani vitambaa vyeupe juu ya kila kiti. Mwenye nyumba, mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Atieno, alitoka akifuta mikono, akamwona Baba, akasimama. Hakusalimu. Alikaa chini palepale kizingitini, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Walisemezana kwa Kijaluo, naandika ninavyokumbuka. Alisema, "Ni ugali wangu uliokuchelewesha." Baba akasema hapana. Mama Atieno akasema, "Mimi ndiye niliyekulazimisha. Tangu siku ile mgeni akiniambia ameshiba, ninamwamini." Baba aliuma midomo yake. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelifanyia mazoezi njiani kote: kwamba chakula kilikuwa kitamu, na kwamba hakuwahi kumshukuru.

Akatupikia, bila shaka. Nilitazama mikono ya Baba inavyooshwa, maji yakimwagwa kutoka kwenye jagi, kidole kimoja kimoja. Alimega tonge dogo, akalichovya, akalitia mdomoni. Alilitafuna muda mrefu. Macho yalimjaa, na hakuyafuta kwa kuwa mkono ulikuwa na chakula. Akalimeza. Halafu akaomba radhi, akasema zaidi ya hapo hawezi leo, na Mama Atieno akasema hata hilo limetosha, akazifunga sehemu zetu kwenye majani ya mgomba. Mimi nililila fungu langu na la Baba kabla hatujafika Migori. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na furaha isiyo na adabu.

Tonge moja. Ndilo nililokwenda nalo chuoni. Waya alisema linatosha, Mama Boke akasema liko mbali na kutosha lakini niende, na Baba akabeba sanduku langu hadi stendi, akanishika bega, akasema nirudi mwisho wa mwezi. Sikuwa na uhakika wa chochote. Bweni letu la Homa Bay lilikuwa na vitanda kumi na viwili, tukiwa na wasichana wa kila mahali, na dirisha langu lilitazama ziwa. Mchana nilikuwa sawa. Tulifundishwa kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, tukacheka hadi tukafukuzwa darasani. Lakini kila jioni, redio ya mlinzi wa getini ilipopiga ule muziki wa habari, kijiko changu kilisimama. Nilimwona amesimama nyuma ya kiti. Hapakuwa na simu za mkononi, na barua mbili alizoniandikia zilieleza hali ya hewa. Wiki ya tatu nikashindwa. Ijumaa baada ya masomo nilimdanganya mlezi wa bweni kwamba jino linaniuma, nikapanda gari la Migori, nikiwa nimekwisha panga maneno ya kuacha chuo. Nayakumbuka mpaka leo. Nilikuwa nianze kwa kusema kwamba uuguzi si wito wangu.

Nilifika uani saa moja na dakika chache. Mlango wetu ulikuwa na kufuli. Nilisimama mbele ya kufuli hilo nikiwaza mabaya, kwa sababu saa moja Baba huwa nyumbani, saa moja hajawahi kuwa mahali pengine, na mtu wa utaratibu asipokuwepo kwenye saa yake ujue amelazwa au amekufa. Nililigonga kufuli kwa ngumi. Ndipo nikasikia kicheko kutoka mlango wa pili, vicheko vya watu kadhaa, na katikati yake sauti moja ikisimulia jambo kuhusu mwuza nyama aliyeficha jiwe ndani ya mizani. Nilisukuma mlango bila kubisha. Mzee Marwa alikuwa pale, na vijana wawili wa lori la ndizi, na fundi viatu wa chumba cha kwanza, wote wakizunguka sinia moja la ugali wa wimbi na maharagwe. Na Baba alikuwa kwenye benchi, katikati yao, amekunja mikono ya shati hadi viwiko. Lilikuwa shati la kijivu, siku ya Ijumaa. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinitazama mkono ukiwa bado kwenye sinia.

"Adhiambo," akasema. "Si ungesema unakuja? Tumemaliza."

Na kweli walikuwa wamemaliza. Lilibaki tonge la mwisho, nalo lilikuwa mkononi mwake. Mwaka mzima nilikuwa nimeomba jambo moja tu, nalo lilikuwa mbele yangu, linatafuna, na liliniumiza pale ambapo hata kifo cha mama hakikufika. Nilianza kulia. Vijana wa lori walidhani ni njaa, mmoja akasema kuna ndizi. Mama Boke hakudhani hivyo. Alinitoa nje kwa kiwiko hadi mferejini, akafungua maji, akaniosha uso mwenyewe kwa kiganja kigumu kama vile ninavyowaosha wagonjwa sasa.

"Si ni hii ulitaka?" akasema.

"Ndiyo."

"Anakula hapa kila siku tangu uende. Siku ya kwanza alikuja na mizani yake. Nikamwambia airudishe." Alifunga mfereji. "Ukimwambia unaacha shule, ataacha kula kesho. Umesikia? Sasa ingia ukae. Wewe ni mgeni."

Niliingia. Yale maneno yangu ya kuacha chuo sikuyasema siku hiyo wala nyingine yoyote. Baba alikuwa amefika mahali ambapo mwuza nyama anaulizwa jiwe ni la nani, na bila kukatiza hadithi yake akasogea kidogo kwenye benchi.